ሴ ya Kiamhari: uihifadhi kwa UTF-8, UTF-16, \u1234 au kwa Kilatini?

Herufi yenyewe ni hii: ሴ. Isome "se" kama ile inayoanza neno "sema", hakuna ujanja. Ikifuatiwa na ት inakuwa ሴት, yaani mwanamke, neno utakaloliona kwenye milango ya vyoo vya kike Addis Ababa, na ndiyo herufi inayofunga jina ሥላሴ, Selassie, lile lile la Haile Selassie Avenue hapa Nairobi. Kwa hiyo ukigusa kazi yoyote ya Kiamhari utakutana nayo ndani ya dakika tano.

Mimi nachapisha menyu, mabango na kutengeneza websaiti ndogondogo, na wateja wangu kadhaa ni Waethiopia wa hapa mjini. Vijana wanaoanza hii kazi huwa wananiuliza swali moja: Kiamhari ukihifadhi vipi ndo kisiharibike? Kuna anayesema UTF-8 basi, kuna anayesema UTF-16 inaokoa nafasi, kuna anayeandika &#4660; kila mahali (namba ya herufi badala ya herufi yenyewe), kuna anayeona afadhali uandike tu "set" kwa Kilatini watu wataelewa, na bado wapo wenye mafaili ya zamani yaliyoandikwa kwa fonti za enzi zile. Nimezipitia zote, zingine kwa hasara, so nazilinganisha hapa kwa kutumia hii herufi moja ili uone kwa macho yako tofauti iko wapi.

Kwanza tuelewane kitu ambacho watu wanachanganya sana. Unicode na UTF-8 si kitu kimoja. Unicode ni kama daftari la usajili, kila herufi ya dunia inapewa namba yake. Maandishi ya Kiethiopia, wenyewe wanayaita fidel, yaliingia kwenye daftari hilo mwaka 1999 na toleo la 3.0, yakapewa eneo la kuanzia U+1200 mpaka U+137F (U+ ni alama tu ya namba ya Unicode, na namba yenyewe inaandikwa kwa msingi wa kumi na sita, 0 mpaka 9 halafu A mpaka F), halafu mwaka 2005, 2010 na 2021 yakaongezewa vipande vingine kwa ajili ya lugha nyingine na herufi zisizotumika sana. UTF-8, UTF-16 na wenzao ni njia tu za kuigeuza hiyo namba iwe baiti, yaani vipande vya biti nane, za kuweka kwenye faili. Namba ni ile ile, mifuko ya kubebea ndo tofauti.

Sasa ሴ ikapata U+1234. Ndiyo, moja mbili tatu nne. Hakuna mtu aliyeichagulia, imetokea kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ni mzuri kweli. Kila konsonanti ina mstari wa nafasi nane, na mstari wa "s" unaanzia 1230: ሰ ni 1230, ሱ 1231, ሲ 1232, ሳ 1233, ሴ 1234, ስ 1235, ሶ 1236, na ሷ (swa) 1237. Ziangalie vizuri. ሰ ina miguu miwili imepanuka, ሱ imeongezewa kijistari katikati ya mguu wa kulia, ሲ kijistari kimeshuka mpaka chini kwenye wayo, ሴ kile kijistari kimejikunja kikawa kipete. Ukienda mstari wa "l" au wa "b" unakuta mtindo ule ule, kipete chini kulia maana yake "e". Kwa hiyo namba ya Unicode imefuata vile vile ambavyo mtoto wa Ethiopia anakariri fidel shuleni, ukiigawanya kwa nane kinachobaki kinakwambia ni irabu gani. Mimi nikikwama sina haja ya jedwali, nahesabu tu kwa vidole. Na kila ukiona mtu kaweka \u1234 kwenye mfano wa kodi ya programu bila kufikiria, ujue ameandika "se" ya Kiamhari na pengine hajui.

Kitu kingine cha kushukuru: ሴ ni herufi kamili, si "s" iliyobandikwa alama ya "e" juu yake. Namba moja, umbo moja. Haina yale mambo ya herufi moja kuandikwa kwa njia mbili tofauti ndani ya kompyuta kama é ya Kifaransa, na haibadiliki sura kutegemea jirani yake kama herufi za Kiarabu. Waliowahi kupanga Kiswahili cha zamani cha hati za Kiarabu kwenye programu ya uchapishaji, ikakuletea kila herufi imejitenga na mwenzake na imeanzia kushoto, wanajua nazungumzia maumivu gani. Kiamhari hakina hayo, ukiwa na fonti inayokijua kinatokea sawa.

Haya, ሴ ile ile ikiwa imebebwa kwa mifuko tofauti inaonekana hivi:

UTF-8: E1 88 B4, baiti 3
UTF-16: 12 34 au 34 12, baiti 2
UTF-32: 00 00 12 34, baiti 4
Ndani ya HTML: &#4660; (baiti 7; 4660 ni 1234 ile ile kwa hesabu ya kawaida) au &#x1234; (baiti 8)
Ndani ya JSON (faili la kubadilishana data), Java, JavaScript (lugha za programu): \u1234, baiti 6
Kwenye anwani ya websaiti: %E1%88%B4, baiti 9
Kwa Kilatini cha mtaani: se, baiti 2

Tuanze na UTF-8 manake hapo ndo nitakaa zaidi. Hizo E1 88 B4 zinatoka wapi? Chukua 1234 uigeuze kuwa biti, yaani 0 na 1 tupu: 0001 0010 0011 0100. Zikate upya mafungu matatu, nne za mwanzo, sita za kati, sita za mwisho: 0001, 001000, 110100. Fungu la kwanza libandikie 1110 mbele, yale mengine mawili yabandikie 10. Unapata 11100001, 10001000, 10110100, ambazo ni E1, 88, B4. Basi, hakuna uchawi mwingine. Ile 1110 inaiambia kompyuta "baiti tatu zinakuja", na zile 10 zinasema "mimi ni mwendelezo, usiniesabu kama mwanzo wa herufi". Ndo maana ukikata faili la UTF-8 katikati unaharibu herufi moja tu, inayofuata inajipata yenyewe.

Na kuna siri ndogo ambayo imeniokoa mara nyingi. Lile eneo lote la kwanza la Kiethiopia, 1200 mpaka 137F, kila herufi kwenye UTF-8 inaanza na E1 halafu baiti ya pili iko kati ya 88 na 8D. Zote. Kwa hiyo ukifungua faili usilolijua kwa programu ya kuonyesha baiti ukaona E1 88, E1 89, E1 8A zinarudiarudia, hilo ni fidel kwa UTF-8 hata kama skrini inaonyesha takataka. Na takataka zenyewe zina sura: programu ikisoma UTF-8 ikidhani ni kodi (jedwali la kugeuza baiti kuwa herufi) ya zamani ya Windows ya Ulaya Magharibi, ሴት inatokea áˆ´á‰µ. Ukishaona áˆ na á‰ na áŠ zimejaa ukurasa, usiseme faili limekufa, liko hai, limesomwa vibaya tu.

Lakini hapa kuwa makini. áˆ´á‰µ ukiirudisha kinyumenyume inakuwa ሴት bila shida kwa sababu baiti zake zote sita zina alama kwenye ile kodi ya zamani. Sasa jaribu ሰላም. Ile ም ya mwisho kwa UTF-8 ni E1 88 9D, na 9D kwenye kodi ile haina alama yoyote, ni nafasi tupu. Programu zingine zinaitupa, zingine zinaweka alama ya kuuliza, na hapo ም imekwenda na hairudi. Na ም ni herufi iliyojaa kwenye Kiamhari, karibu kila sentensi inayo. Nliwahi kumtumia mteja orodha ya bei kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu lililotenganishwa kwa koma), mhasibu wake akalifungua kwa kubofya mara mbili kwenye programu yake ya mahesabu, likatokea na áˆ hizo, yeye bila kuniambia akasevu na kunirudishia limesahihishwa bei. Bei zilikuwa sawa, majina ya vyakula nusu yake yamepoteza herufi, nikakaa usiku kuyaandika upya. Tangu siku hiyo CSV ya Kiamhari nikimpa mtu wa kawaida naisevu UTF-8 yenye zile baiti tatu za utambulisho mwanzoni, EF BB BF, na programu za mahesabu zinaielewa. Kwenye websaiti na kwenye kodi ya programu siziweki.

Ugonjwa mwingine unaofanana na huo ila ni mbaya zaidi ni alama za kuuliza tupu, ???. Hizo zinatokea pale databesi imewekwa kwa kodi isiyojua Kiamhari kabisa, tuseme latin1, na inapopewa ሴት inaandika ?? na kusahau kilichokuja. Hapo hakuna cha kurudisha, umeshakosa. Kwa hiyo kabla ya mteja kuanza kuingiza data, fungua mipangilio uangalie. Kwenye MySQL, programu ya databesi, chagua utf8mb4, usichague ile inayoitwa utf8 tu. Ile ya zamani inabeba baiti tatu mwisho, ሴ inapita vizuri kabisa mpaka unadhani uko salama, halafu mtu anaweka emoji kwenye oda au mtafiti anakuja na herufi za lile eneo la 2021, linaloanzia U+1E7E0, hizo zinataka baiti nne na mfumo unagoma. Na ukikuta databesi inayopima urefu wa safu kwa baiti badala ya herufi, kumbuka kuzidisha mara tatu, nafasi ya baiti 50 inachukua herufi 16 tu za Kiamhari.

Watu wa UTF-16 hoja yao ni moja na ni ya kweli: baiti mbili kwa herufi badala ya tatu. Kitabu kizima cha Kiamhari tupu kwa UTF-16 kitakuwa theluthi mbili ya kile cha UTF-8. Sasa niambie ni lini umehifadhi Kiamhari tupu? Websaiti imejaa vitambulisho vya HTML ambavyo ni Kilatini, kila herufi ya Kilatini kwa UTF-8 ni baiti moja na kwa UTF-16 ni mbili, ule uliookoa kwa mkono wa kulia umeutoa kwa wa kushoto. Na hata kwenye maandishi matupu, watu wanaolalamika kwamba UTF-8 inawaonea Waafrika wa fidel kwa kuwatoza baiti tatu, wanasahau kwamba herufi moja ya fidel imebeba silabi nzima. ሴት kwa UTF-8 ni baiti sita. Mwanamke, neno letu, ni baiti nane. Hesabu mwenyewe.

Kinachonitoa kabisa kwenye UTF-16 kwa mafaili ni ule mpangilio wa baiti. Mashine zingine zinaandika 12 34, zingine 34 12, na ikisomwa kinyume ሴ inakuwa U+3412, ambayo ni herufi ya Kichina. Faili zima la Kiamhari linageuka Kichina na vitu visivyoeleweka, na mteja anakuuliza umempa kazi ya nani. Kuna alama ya kuweka mwanzoni ya kueleza mpangilio, lakini kuna programu zinaiheshimu na kuna zisizoiheshimu. Na wengi wanaotumia UTF-16 hawakuichagua, walikuwa kwenye Notepad ya zamani ya Windows wakaona kwenye orodha ya kusevu limeandikwa "Unicode" wakabofya, kumbe pale "Unicode" maana yake ilikuwa UTF-16. Ndani ya Windows, Java na JavaScript UTF-16 inafanya kazi yake kimyakimya na haikuhusu, iache huko. Kwenye faili unalompa mtu, hapana.

UTF-32 sitaki kukupotezea muda, baiti nne kwa kila herufi, ni ya ndani ya programu tu.

Kuna sehemu moja ambayo huna uchaguzi, na inauma mfukoni: SMS. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140. Ukiandika Kiswahili cha kawaida kila herufi inakula biti saba tu, unapata herufi 160. Ukiweka hata ሴ moja, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa baiti mbili kwa herufi na nafasi zinashuka mpaka 70. Ukizidi 70 unakatwa vipande vya 67. Mteja wangu mmoja alitaka kutumia wateja wake salamu za Enkutatash, mwaka mpya wao ule wa Septemba 11 (miaka mingine 12), mimi nikampigia bei kwa kuhesabu ujumbe mmoja mmoja kama tulivyozoea, salamu ilikuwa na herufi kama tisini na kitu, kila mtu akahesabiwa SMS mbili, tofauti nikailipa mimi. Kosa langu, nlipaswa kuhesabu. Na usicheke ukadhani hii ni shida ya Waethiopia peke yao. Andika ng'ombe kwenye simu ambayo inakunja ile alama ya ng' yenyewe ikawa ’ badala ya ', hiyo iliyokunjwa haimo kwenye zile herufi za biti saba, SMS yako ya Kiswahili nzima inashuka mpaka 70 vile vile. Wangapi wanalipia hii bila kujua.

Tuje kwenye &#4660; na \u1234. Hizi ni njia za kuandika namba ya herufi kwa kutumia Kilatini kitupu, ili hata mfumo wa kizamani usiojua chochote ubebe bila kuharibu. Faida yake ni hiyo na ni kubwa mahali pake. Nimewahi kulazimika kutumia &#4660; kwenye barua pepe za mfumo fulani uliokuwa unaharibu kila kitu kisicho Kilatini, ikapita salama. Shida ni kwamba hakuna binadamu anayesoma &#4660;&#4725;. Mama mwenye mkahawa akitaka kubadilisha jina la chakula kwenye ukurasa wake hawezi, lazma akupigie. Ukitafuta ሴት ndani ya mafaili yako hupati. Na ikitokea mfumo ukageuza & kuwa &amp; mara ya pili, wateja wanaona &#4660; mbichi kwenye skrini zao, nshaona hiyo kwenye websaiti ya watu wakubwa tu. \u1234 kwenye JSON usiiogope, Python kwa kawaida ndivyo inavyotoa, na programu nyingine ikisoma inarudisha ሴ bila kupoteza kitu. Ila kama faili la JSON litasomwa na mtu, mtafsiri kwa mfano, zima hiyo tabia umpe herufi zenyewe. Mtafsiri huwezi kumpa ukurasa wa \u12 ukategemea akuone makosa.

Kilatini sasa. "Si uandike tu set, watu wanaelewa." Kwenye chati kweli wanaelewa, Waethiopia wengi wanaandikiana hivyo na hakuna ubaya. Lakini kama njia ya kuhifadhi, unapoteza. Kiamhari kina irabu saba, Kilatini kina tano. ሴ ni "se", na ሰ yenyewe ya 1230 ina irabu nyingine ya katikati ambayo Kiswahili hatuna, na watu wanaiandika "se" hiyo hiyo. Kwa hiyo kurudi kutoka "set" kwenda ሴት ni kubahatisha. Miaka ya 1990, kabla Unicode haijaenea, walitengeneza mfumo makini unaoitwa SERA ambapo "se" ni ሰ na "sE" yenye E kubwa ni ሴ, kila herufi ya fidel ikawa na maandishi yake ya Kilatini ambayo kompyuta inaweza kuyarudisha. Ulikuwa mfumo mzuri kwa barua pepe za wakati ule, na roho yake ndo iko kwenye kibodi nyingi za leo, unabofya s inatokea ስ, ukiongeza irabu inageuka hapo hapo. Kwa hiyo Kilatini kitumie kwa kuandikia, vidole vyako viandike Kilatini, kinachoingia kwenye faili kiwe ሴ.

Zile fonti za zamani nazo, hapa nataka nieleweke vizuri, ndo kitu cha kukimbia kuliko vyote. Kabla ya Unicode fonti ilikuwa na nafasi 256 tu na fidel ina herufi zaidi ya 300, kwa hiyo watengenezaji walichora herufi za Kiamhari juu ya nafasi za a, b, c na alama zingine, saa ingine fonti mbili au tatu kwa lugha moja, na kila kampuni na mpangilio wake. Kwenye mashine yenye fonti hiyo unaona Kiamhari safi. Ndani ya faili hakuna Kiamhari hata kidogo, kuna herufi za Kilatini zilizovaa nguo. Mama mmoja aliniletea flashi yenye menyu aliyoandikiwa zamani, ukurasa mzima, doro wot, shiro, tibs, kila kitu na maelezo yake. Nikafungua ikawa mabano, koma, herufi za Kizungu zenye vitone. Akasogea karibu na skrini, akavaa miwani, akaniambia, "Mwanangu, hii si lugha yetu." Nikamwambia, ndiyo mama, hii si lugha ya mtu yeyote. Bahati nzuri alikuwa na nakala moja ya karatasi imebaki, imelowa mchuzi pembeni, tukaandika upya kwa kuisoma hiyo, yeye akisoma mimi nikibofya. Vifaa vya kugeuza fonti za zamani kuwa Unicode vipo, lakini lazma ujue ni fonti gani hasa ilitumika, na flashi haikuambii. Kama una mafaili ya namna hiyo na mwenye mashine ya zamani bado yupo, geuza sasa hivi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna usimbaji wowote, yaani mfuko wowote kati ya hii, utakaokutatulia, na watu wanaulaumu UTF-8 bure. Kiamhari kina herufi pacha. ሴ ya 1234 ina pacha wake ሤ, 1224, zinasomwa sawa kabisa kwa Kiamhari cha leo. Mstari mzima wa ሰ na mstari mzima wa ሠ ni sauti moja. ሀ, ሐ na ኀ pia, አ na ዐ, ጸ na ፀ. Angalia ሥላሴ: inaanza na herufi ya mstari wa ሠ na inaishia na ya mstari wa ሰ, hivyo ndivyo inavyoandikwa kwa kufuata asili yake ya Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia. Lakini mtu akiwa na haraka kwenye simu anaandika ስላሴ. Kwa binadamu ni neno moja. Kwa kompyuta U+1225 na U+1235 ni vitu viwili visivyojuana. Mteja anatafuta ስላሴ kwenye websaiti yako iliyohifadhi ሥላሴ anaambiwa hakuna, na zile kanuni za Unicode za kusawazisha maandishi hazizigusi hizi kwa sababu kwao ni herufi tofauti kihalali.

Nimeona watu wanatatua hili kwa kubadilisha data yenyewe, kila ሠ inageuzwa ሰ wakati wa kuingiza. Tafadhali usifanye hivyo. Jina la mtu ni jina la mtu, aliyeandika ኃይለ ሥላሴ alitaka iwe hivyo, na ukishageuza hujui tena ilikuwaje. Hifadhi alichoandika, halafu tengeneza safu ya pili ya kutafutia tu ambayo pacha zote zimekuwa moja, na neno la anayetafuta nalo ulipitishe hapo hapo. Na hiyo ifanye kwa Kiamhari peke yake. Kitigrinya kinatumia fidel hiyo hiyo lakini kwao ሀ na ሐ ni sauti tofauti, አ na ዐ vile vile, ukiwasawazishia kwa kanuni za Kiamhari unawaharibia maneno. Kwa hiyo andika lugha ni ipi, am kwa Kiamhari, ti kwa Kitigrinya, usikisie kutokana na herufi. Pia ongeza kwenye usawazishaji wako ile nukta yao ። ambayo ni U+1362, wengi kwenye simu wanaandika :: mara mbili badala yake.

Kuhusu fonti za kuonyesha, sitakaa sana. Noto Sans Ethiopic na Noto Serif Ethiopic ni za bure na nazipenda kwa skrini, Abyssinica SIL nayo ni ya bure na kwa karatasi inapendeza zaidi, ina ule mwandiko wa kalamu, kipete cha ሴ kinaonekana vizuri hata maandishi yakiwa madogo. Windows tangu enzi za Vista ilikuja na Nyala. Ukiona viboksi badala ya herufi, hiyo ni fonti imekosekana, faili halina kosa. Kwa mchapishaji peleka PDF yenye fonti ndani yake, usipeleke faili la kuhariri ukategemea mashine yake ina Kiamhari.

Kwa hiyo mimi uchaguzi wangu ni UTF-8 kwa faili, databesi na websaiti, \u1234 pale mashine inaongea na mashine, &#4660; pale tu umekwama na mfumo mbovu, Kilatini kwenye vidole, na SMS uhesabu 70 kabla ya kutaja bei. Kabla ya kumkabidhi mteja mfumo wowote nafanya jaribio moja: naingiza ሴት ሰላም ሥላሴ kupitia simu, naisevu, naitoa kama CSV, naifungua kwenye mashine nyingine, naiingiza tena, halafu naangalia baiti. ሴት inajaribu njia ya kawaida, ም ya ሰላም inanasa ule ugonjwa wa 9D, na ሥላሴ naitafuta kwa kuandika ስላሴ. Nikiona E1 88 B4 E1 89 B5 mwanzoni, ም iko pale pale, na utafutaji umeleta jina, napiga simu nasema mama, njoo uangalie.